Ujumbe wa tiki nyekundu umerudi tena. Hivi tunaogopa kitu sahihi?

#1 Mpiga Makasia
Wakuu, salaam.

Juzi bi mkubwa wangu ameifuta WhatsApp kwenye simu yake. Ametumiwa ule ujumbe ambao wengi wenu mmeshakutana nao: kuanzia kesho simu zote zitarekodiwa, vifaa vyote vimeunganishwa na mitambo ya wizara, ukiona tiki tatu za bluu ujue serikali imeusoma ujumbe wako, mbili za bluu na moja nyekundu unaweza kuchukuliwa hatua, tatu nyekundu subiri wito wa mahakama. Mwishoni: "Mtumie kila umpendaye." Naye akawatumia wote awapendao, kisha akafuta programu.

Ujumbe huu umezunguka nchi nyingi kwa miaka. Wanachobadilisha ni jina la wizara tu. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka, mbili umefika, mbili za bluu umesomwa. Tiki nyekundu haijawahi kuwepo.

Hoja yangu ni hii: hofu za namna hii zinatufumba macho. Tunahangaika na tiki nyekundu, chipu ndani ya chanjo na mionzi ya 5G, wakati ufuatiliaji wa kweli unapita pembeni yetu bila kelele. Naomba tujadili bila matusi. Nani anazizalisha hofu hizi, na kwa nini tunazimeza haraka hivi?

#2 Fundi Mnara
Mkuu, nimepanda minara miaka kumi na moja, kwa hiyo nizungumzie ninachokijua.

Kuna mnara tuliusimamisha karibu na makazi. Wiki ya pili likaja kundi la watu na malalamiko: vichwa vinauma, usingizi hauji, watoto wanalia usiku. Niliwasikiliza mpaka mwisho kwa sababu walikuwa wanaumwa kweli, nyuso zilionyesha. Kisha nikamwonyesha mzee wao chumba cha mitambo. Hakikuwa na kitu ndani. Umeme ulikuwa bado haujavutwa.

Aprili 2020 Uingereza ilichomewa minara kadhaa kwa sababu watu waliambiwa 5G inaleta korona. Mawimbi ya redio hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, na kirusi hakisafiri kwenye mawimbi. Baadhi ya mafundi walitukanwa barabarani wakiwa wanavuta nyaya za intaneti tu.

Ila kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja kwenye lile kundi aliniuliza. Mnara lazima ujue simu yako iko upande gani, la sivyo ukipigiwa hutapatikana. Taarifa hiyo inaandikwa na kuhifadhiwa. Inakaa muda gani? Nani anaruhusiwa kuiomba, na kwa karatasi ya nani? Nilikuwa tayari kuulizwa hilo, nikaulizwa mionzi.

#3 Jicho la Tatu
Naona mada inaanza kuelekea kuwacheka wanaoogopa. Sikubaliani.

Machi 2013 seneta Ron Wyden alimuuliza James Clapper, mkuu wa idara za ujasusi za Marekani, mbele ya kamera: je, NSA, idara ya Marekani ya kunasa mawasiliano, inakusanya taarifa za aina yoyote kuhusu mamilioni ya Wamarekani? Akajibu hapana, si kwa makusudi. Juni mwaka huohuo nyaraka za Edward Snowden, aliyekuwa mkandarasi wa NSA, zikaanza kutoka, na ya kwanza ilikuwa amri ya mahakama ya siri inayoitaka kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku.

Wiki moja kabla ya hapo, ungeyasema hayo kijiweni ungeambiwa ukapimwe akili. Sasa mnataka mtu wa kawaida atofautishe vipi hofu ya kijinga na hofu iliyowahi kabla ya ushahidi?

#4 Mwana wa Mvua
Naunga mkono #3. Na hapo walikuwa wamerekodi mazungumzo yote ya simu ya kila Mmarekani, sauti na kila kitu. Mleta mada anasema tunatiwa hofu bure!

#5 Mtunza Funguo
Mwana wa Mvua, hapo umepitiliza. Amri ile ya Verizon haikuhusu sauti. Ilihusu namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa ngapi, kwa muda gani. Ndiyo inayoitwa metadata.

Na usidhani kwa kusema hivyo napunguza uzito. Ukimpigia daktari wa saratani dakika ishirini, halafu ukampigia mwenzi wako, halafu wakili wa mirathi, sihitaji kusikia neno hata moja. Michael Hayden, aliyewahi kuongoza NSA na CIA, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba wanaua watu kwa kutegemea metadata. Bunge lao lilisitisha ukusanyaji ule wa jumla kwa sheria ya 2015, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema ulikuwa kinyume cha sheria. Miaka saba baada ya Snowden.

Kwa hiyo ukitaka kumjibu mleta mada, mjibu kwa kitu kilichotokea. Kinatosha.

#6 Mwana wa Mvua
Nimekuelewa mkuu. Nimesahihishwa.

#7 Nyota ya Kusi
Na hili la simu kutusikiliza mnalisemaje? Wiki iliyopita tulizungumza na dada yangu kuhusu mashine ya kushonea. Sikutafuta chochote mtandaoni. Jioni tangazo la cherehani likaja kwenye simu yangu. Nikahisi baridi mgongoni.

#8 Mtunza Funguo
Dada Nyota, mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern walipima programu zaidi ya 17,000 za Android wakitafuta jambo hilohilo. Hawakukuta programu inayowasha maikrofoni kwa siri na kupeleka sauti nje. Walichokuta, ambacho hawakukitarajia, ni baadhi ya programu kurekodi kinachoonekana kwenye skrini na kukipeleka kwa kampuni nyingine.

Muulize dada yako kama yeye alitafuta cherehani kwenye simu yake. Mlikuwa nyumba moja, Wi-Fi moja, mnafahamiana kwenye mitandao. Wauza matangazo wanawahesabu kama watu wa jirani. Hawahitaji kukusikia.

#9 Nyota ya Kusi
Nimemuuliza. Alitafuta asubuhi ile, na alinionyesha picha.

Lakini ukweli ni kwamba maelezo yako yamenitisha kuliko maikrofoni. Maikrofoni ningeizima.

#10 Jicho la Tatu
Tusimalize la maikrofoni haraka hivyo. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba watu walioajiriwa kukagua ubora wa Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, walikuwa wakisikia vipande vya mazungumzo ya ndani kabisa, kwa sababu kifaa kilidhani kimeitwa. Mwaka huohuo yakaripotiwa ya Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon. Januari 2025 Apple ikakubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri, bila kukiri kosa. Kwa hiyo "simu haisikilizi" nayo ni kauli ya kujipa moyo.

#11 Mtunza Funguo
Nakubali marekebisho. Kujiwasha kwa bahati mbaya kulikuwepo na watu walisikilizwa. Kilichokosa ushahidi ni ule usikilizaji wa saa ishirini na nne kwa ajili ya matangazo. Haya ni mambo mawili, nami nilipaswa kuyataja yote.

#12 Babu Redio
Vijana, mnaizungumzia simu kana kwamba dunia imeanza nayo.

Mimi nilikuwa opereta wa mawasiliano enzi ambazo siri ilitumwa kwa mashine za kusimba, yaani kugeuza maneno kuwa fumbo. Kulikuwa na kampuni ya Uswisi, Crypto AG. Serikali nyingi duniani zilinunua mashine zake kwa sababu Uswisi haina upande. Februari 2020 Washington Post na televisheni ya ZDF ya Ujerumani wakatoa habari kwamba tangu mwaka 1970 kampuni ile ilimilikiwa kwa siri na CIA pamoja na idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi, BND. Mashine ziliharibiwa kiwandani ili wenyewe waweze kusoma. Wateja walikuwa wanalipia wao wenyewe kupelelezwa, miaka na miaka.

Kulikuwa na minong'ono, na baadhi ya magazeti yaliandika mapema. Wakubwa wakasema ni maneno ya wazushi. Nataka mleta mada anieleze: ningekuwa mwaka 1985 nikaikataa mashine ile, ningekuwa mjinga au mwerevu?

#13 Pepo za Alfajiri
Shikamoo Babu Redio. Tulianza na tiki za WhatsApp, sasa umetufikisha vita baridi. Endelea tu mzee, tunajifunza.

#14 Babu Redio
Marahaba mwanangu. Niongeze moja basi. Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, ilikuwa na watumishi kama 91,000 ilipovunjika, na watoa habari wa siri karibu laki mbili. Majalada waliyoacha, ukiyapanga kwenye rafu, yanafika kilomita 111. Kwa sehemu kubwa, vinywa na karatasi. Watu walipofunguliwa majalada yao wengi walikuta majina ya marafiki, na wengine jina la mume au mke. Hilo ndilo lililowavunja.

#15 Mpiga Makasia
Babu, shikamoo. Swali lako ni gumu. Nadhani ningesema ulikuwa mwerevu, na nisingeweza kueleza kwa nini wewe ni mwerevu na bi mkubwa wangu amedanganywa, maana nyote wawili mngekuwa mnategemea minong'ono.

Labda tofauti ni hii: wewe ungekuwa na mashine moja, kampuni moja, na sababu ya kuitilia shaka. Ujumbe wa tiki hauna mwenyewe. Huwezi kuupima.

#16 Kalamu Kavu
Nimefanya kazi chumba cha habari, naomba niibebe sehemu yetu ya lawama.

Aprili 2023 ofisi ya FBI ya Denver iliandika mtandaoni kwamba watu waepuke kuchaji simu kwenye vituo vya umma kwa sababu wahalifu wanaweza kuingiza programu mbaya kupitia waya. Vyombo vya habari dunia nzima vikaibeba siku hiyohiyo. Baadaye ikafahamika kwamba lilikuwa onyo la kawaida, halikutokana na kesi mpya. Kinadharia inawezekana, watafiti walishaionyesha tangu 2011. Lakini kisa kilichothibitishwa cha mtu wa kawaida kuibiwa hivyo, nilikitafuta na sikukipata. Nilikitafuta baada ya kuiandika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mhariri alitaka kichwa kinachotisha kwa sababu kinachotisha kinabofywa. Habari ya nani anahifadhi kumbukumbu za mnara kwa miezi mingapi ilikaa mezani kwangu wiki tatu, mwisho ikafa. Kwa hiyo jibu langu kwa #1: hofu zinazalishwa na biashara ya habari. Hakuna njama.

#17 Msomaji wa Usiku
Kalamu Kavu, asante kwa ukweli wako. Lakini biashara ya habari haielezi yote. Ule ujumbe wa tiki haukuandikwa na gazeti. Ulipitia kwa watu wanaopendana.

Nadhani kuna anayefaidika watu wakiamini wanasomwa. Mwaka 2016 Jonathon Penney alichapisha utafiti kuhusu Wikipedia. Aliangalia makala zinazohusu ugaidi na mada nyingine nyeti, akakuta usomaji wake ulishuka baada ya habari za Snowden Juni 2013. Watu hawakukatazwa. Waliacha wenyewe kusoma ensaiklopidia. Sasa fikiria mtawala ambaye hana hata mtambo mmoja wa maana lakini raia wake wanaamini kuna tiki nyekundu. Amepata kila alichokitaka bila kununua kitu.

#18 Fundi Mnara
#17, hilo nimelipokea. Lakini una ushahidi kwamba ni watawala walioutunga ujumbe? Maana nimeusoma kwenye nchi zaidi ya tatu, na lugha yake mbovu ni ileile.

#19 Msomaji wa Usiku
Sina. Sikusema wameutunga, nimesema unawafaa.

#20 Bahari Shwari
Nimesoma kimya tangu #1. Niandike moja kisha nirudi kimya.

Nyote mnazungumzia serikali na kampuni. Aliyenifuatilia mimi alikuwa mume wangu. Kwa miezi nane alijua nilikoenda, nilichoandika, nani amenipigia. Nikawaza mengi. Niliamini simu yangu imedukuliwa na watu wakubwa kwa sababu ya kazi niliyokuwa nayo wakati ule. Nilibadilisha laini mara mbili. Nilikuwa naifunika kamera kwa karatasi. Yeye ndiye aliyenishauri kuifunika.

Kumbe aliiweka programu kwa mkono wake nikiwa nimelala, akitumia kidole changu kuifungua simu. Ni programu inayouzwa kwa jina la kulinda watoto. Niliyoyasoma kuhusu ujasusi wa kimataifa yalinichelewesha, kwa sababu nilikuwa natazama mbali sana. Sikumtazama aliyelala pembeni yangu.

Niko salama sasa. Nimeandika ili kama kuna dada au kaka anasoma hapa na mwenzake anajua mambo ambayo hakuambiwa, aanze kuangalia karibu. Na asiifute programu hiyo kwa haraka kabla hajapata mahali salama pa kwenda, kwa sababu mwenye kuiweka atajua imefutwa.

#21 Babu Redio
Pole sana binti yangu. Umetoa kitu cha thamani hapa.

#22 Nyota ya Kusi
Pole dada. Nimeisoma mara tatu.

#23 Mtunza Funguo
Pole dada Bahari. Sentensi yako ya mwisho ni ya muhimu kuliko ushauri wote wa kiufundi uliotolewa hapa, naomba watu wasiipite.

#24 Chombo cha Kale
Sitaki kuharibu uzito wa #20, ila niseme tu kwamba mtu asiye na cha kuficha hana cha kuogopa kwa serikali yake. Wahalifu wanakamatwa kwa taarifa hizihizi za simu. Waulizeni waliotekewa watoto.

#25 Jicho la Tatu
Mkuu Chombo, una cha kuficha. Una nywila ya benki. Na sijakataa polisi kupata taarifa kwa amri ya mahakama, nakataa wanapoikwepa mahakama.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Carpenter, iliamua polisi wapate kibali kabla ya kuchukua historia ya mahali simu ilipokuwa. Kilichofuata? Baadhi ya idara zikaendelea kununua taarifa za mahali kutoka kwa madalali wa data, kwa hoja kwamba kinachouzwa sokoni hakihitaji kibali. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba taarifa za programu moja ya nyakati za swala zilikuwa zinapita kwa dalali X-Mode, na wateja wake walihusisha wakandarasi wa jeshi. Mtu ameweka programu imsaidie kuswali. Huyo alikuwa na nini cha kuficha?

#26 Mtunza Funguo
Naongezea kwa #24. Tatizo lingine la kuwawekea polisi mlango wa kusikiliza simu ni kwamba mlango haumtambui polisi. Ugiriki, 2004 hadi 2005, simu zaidi ya mia moja, ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis, zilisikilizwa na watu waliotumia sehemu ya mtambo iliyotengenezwa kwa ajili ya usikilizaji halali. Mwaka 2024 Marekani ikagundua wadukuzi inaowahusisha na China wameingia kwenye kampuni zake za simu, hadi kwenye mifumo ya maombi ya usikilizaji ya mahakama. Desemba mwaka huo maofisa wao wenyewe wakawashauri watu watumie programu zenye usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, ambapo ujumbe unasomwa na mtumaji na mpokeaji tu. Wao, ambao miaka yote walisema usimbaji huo unawasumbua.

#27 Chombo cha Kale
La Ugiriki sikulijua. Nitalisoma. Bado naamini mtoto akitekwa mtalia polisi wawe na uwezo huo.

#28 Pepo za Alfajiri
Na hapo Chombo ana haki yake. Tusimkimbilie.

Mimi nina swali la pembeni. Ile hofu ya programu za kufuatilia maambukizi wakati wa korona, ilikuwa ya kweli au ya kuzidishwa? Nilibishana na watu sana nikiwaambia waziweke.

#29 Msomaji wa Usiku
Inategemea ulikuwa wapi. Mfumo uliotengenezwa na Apple na Google ulitumia Bluetooth, na orodha ya watu uliokaribiana nao ilibaki kwenye simu yako. Waliosema unapeleka ramani ya nyendo zako serikalini walikosea.

Singapore ilitumia mfumo wake, TraceTogether, ikaahidi data ni ya maambukizi tu. Januari 2021 ikakiri bungeni kwamba polisi wanaweza kuichukua kwa uchunguzi wa jinai. Wakatunga sheria ya kuibana kwa makosa makubwa saba. Kwa hiyo waliokataa kule walikuwa sahihi.

#30 Pepo za Alfajiri
Basi nina watu wawili wa kuwaomba radhi. Asante.

#31 Fundi Mnara
Na Pegasus, ile programu ya kupeleleza simu? Nashangaa tumefika #31 haijatajwa.

#32 Mtunza Funguo
Ipo, na ni ya kweli. Mwaka 2016 mwanaharakati Ahmed Mansoor wa Falme za Kiarabu alitumiwa kiungo, hakukibofya, akakipeleka kwa watafiti wa Citizen Lab, wakakuta Pegasus ya kampuni ya NSO Group. Mwaka 2019 WhatsApp iliishtaki NSO kwa kulenga watumiaji kama 1,400. Kwa shambulio hilo, na mengine yaliyoonekana 2021, simu iliingiliwa bila mwenyewe kubofya chochote.

Ila 1,400 kati ya watumiaji zaidi ya bilioni. Walengwa wake ni waandishi, mawakili, wapinzani, wanadiplomasia. Kama wewe ni mmoja wao, iwashe hali ya kufungia simu (Lockdown Mode) kama ni iPhone, isasishe kila mara, na tafuta msaada wa wataalamu. Kama si mmoja wao, kinachokutafuta ni nywila dhaifu na kiungo cha tapeli. Leo hii fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, tazama kama unavitambua vyote. Ni dakika moja.

#33 Jicho la Tatu
Hapo ndipo tunapoachana, Mtunza Funguo. Ukisema "kama si mmoja wao" unamwacha mwandishi peke yake na hofu yake. Yeye akinyamazishwa, mimi ndiye nisiyepata habari.

#34 Mtunza Funguo
Sina jibu la haraka kwa hilo. Acha nilifikirie.

#35 Mpiga Makasia
Wakuu, nimerudi. Bi mkubwa amekubali kuirudisha WhatsApp. Nilimsomea #2 na #17. Akaniuliza, "Sasa huo mnara unaandika niko wapi, na wewe unanihimiza nirudi?" Nikamwambia mnara unaandika hata bila WhatsApp. Akanyamaza kidogo, akasema basi angalau awaone wajukuu. Swali la Fundi Mnara la nani anaruhusiwa kuisoma kumbukumbu hiyo limebaki kwangu, na nimeanza kuandika barua kwa kampuni yangu ya simu kuuliza wanaihifadhi muda gani. Mwenye kujua namna nzuri ya kuiandika aniambie.

#36 Kalamu Kavu
Niandikie pembeni, nitakusaidia. Na majibu yakija, naomba ruhusa ya kuyatumia.

#37 Mwana wa Mvua
Samahani, narudi kwenye #32. Nimefungua vifaa vilivyounganishwa. Kuna kompyuta moja. Ni ya ofisi niliyoacha kazi mwezi uliopita, naikumbuka, nilikuwa nafungulia pale ujumbe wa wateja.

Pameandikwa ilitumika mara ya mwisho jana, saa nne usiku.

#38 Mtunza Funguo
Piga picha ya skrini kwanza. Halafu iondoe.